Nairuzi, Saba na Kumi: Hesabu Iliyoulinda Mwaka wa Pwani

Kila mwaka, mwezi wa Julai, Makunduchi ya kusini Unguja hujaa watu waliokuja kutazama Mwaka Kogwa. Wageni hupiga picha za wanaume wanaochapana kwa migomba, huona kibanda cha makuti kikitiwa moto, husikiliza nyimbo za wanawake, kisha hao wakarudi mjini. Swali lisiloulizwa sana ni hili: siku hiyo hupatikanaje? Haitokani na mwezi mwandamo, maana sikukuu za mwezi mwandamo huzunguka misimu yote ndani ya umri wa mtu mmoja, na hii haizunguki hivyo. Wala haitokani na kalenda ya serikali, maana humo tarehe yake haitulii. Wasafiri na wamisionari wa karne ya 19 waliiandika kuwa sikukuu ya Agosti. Siku hiyo ni Nairuzi, mwanzo wa mwaka wa jua wa Waswahili, nayo hupatikana kwa kuhesabu siku 365 tangu Nairuzi iliyopita, bila kuongeza wala kupunguza. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba hesabu hii haikudumu karne nyingi kwa ushupavu wa wazee peke yake. Ilidumu pia kwa sababu ya tabia ya namba zake tatu, yaani 365, 10 na 7. Saba haina ushirika na hizo mbili nyingine. Hizo mbili zina ushirika wa 5. Na watu wa pwani walijua la kufanya na hiyo 5.

Tuanze na umbo la mwaka wenyewe. Hauna miezi. Siku zake zimepangwa katika miongo 36, kila mwongo siku 10, na mwishoni hubaki siku 5 ziitwazo gatha. Mkulima au nahodha hakutaja tarehe ya mwezi fulani. Alitaja siku zilizokwisha kupita tangu Nairuzi, mwongo kwa mwongo: kumi, ishirini, thelathini, hata mia na kuendelea. Miezi iliachiwa kalenda ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyoongoza saumu, idi na maulidi. Pwani iliishi na kalenda mbili kwa pamoja, kila moja na kazi yake. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani huuzunguka mwaka wa jua katika takriban miaka 33. Haumwambii mtu lini kaskazi itavuma wala lini atie mbegu ardhini. Hiyo ilikuwa kazi ya Nairuzi. Na mwaka wa Nairuzi ulikuwa na jina, kwa kuwa uliitwa kwa siku ya juma ulipoanza. Ukianza Ijumaa ulikuwa mwaka Ijumaa. Uliofuata ukawa mwaka Jumamosi. Kisha mwaka Jumapili, mpaka majina saba yaishe, ndipo mzunguko uanze upya.

Hapa ndipo somo la vigawo, ambalo wanafunzi wengi hulikariri na kulisahau, linapopata mwili. Kigawo cha namba ni namba inayoigawa bila kuacha baki. Vigawo vya 10 ni 1, 2, 5 na 10. Vigawo vya 365 ni 1, 5, 73 na 365. Vigawo vya 7 ni 1 na 7 tu. Tukizilinganisha 10 na 365, tunaona zina kigawo cha shirika 5, na hicho ndicho kikubwa kuliko vyote. Tukilinganisha 7 na 365, au 7 na 10, hatupati cha kushirikiana isipokuwa 1, ambayo huigawa kila namba na kwa hiyo haielezi kitu. Namba mbili za namna hiyo nitaziita zisizoshirikiana. Euclid wa Aleksandria, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alizieleza mwanzoni mwa kitabu cha saba cha kazi yake ya jiometria, akatoa na njia ya kuzitambua: ondoa ndogo katika kubwa mara nyingi uwezavyo, kisha baki ondoa katika ile ndogo, uendelee hivyo. Ukiishia kwenye 1, hazishirikiani. Ukikwama kwenye namba nyingine, hiyo ndiyo kigawo chao kikubwa cha shirika. Kwa 365 na 7 kazi huisha kwa hatua moja: ondoa majuma 52, inabaki siku 1. Jina la mwaka ni baki hiyo. Mzee aliyejua kwamba mwaka Jumatatu hufuatwa na mwaka Jumanne alikuwa anaitumia hatua ya kwanza ya Euclid, awe amewahi kulisikia jina la Euclid au la.

Thamani ya kutoshirikiana huonekana zaidi pale inapokosekana. Kitabu cha Henoko, ambacho kimo katika Biblia ya Kanisa la Ethiopia, kinaeleza mwaka wa siku 364, na hati zilizopatikana Qumran karibu na Bahari ya Chumvi zinaonyesha kuwa kulikuwa na watu walioutetea mwaka huo kwa nguvu. Sasa 364 ni 7 mara 52, haiachi baki. Saba ni kigawo cha shirika, na tokeo lake ni kwamba kila mwaka huanza siku ileile ya juma, kila sikukuu huangukia siku ileile, daima. Watunzi wake waliliona hilo kuwa uzuri, kwa kuwa sikukuu zao hazikugongana na Sabato. Lakini mwaka wa namna hiyo hauna jina la kuutofautisha na mwenzake. Ukiwauliza wazee wawili mtoto fulani alizaliwa mwaka gani, siku ya juma haitawasaidia hata kidogo. Mwaka wa pwani, kwa siku moja tu ya ziada, ulipata majina saba. Mtu angeweza kusema kwamba mwaka wa mwezi mwandamo nao haushirikiani na 7, kwa kuwa 354 huacha baki 4. Ni kweli, na majina yote saba yangepatikana humo pia. Ila yangeruka kutoka Jumamosi hadi Jumatano hadi Jumapili, tena mwaka wenye siku 355 ungeruka hatua tano badala ya nne, na kuonekana kwa mwezi kungeongeza utata wake. Baki ya 1 ndiyo nyepesi kuliko zote kukaa kichwani, kwa sababu miaka hufuatana kama siku zinavyofuatana.

Kwa 10 mambo ni tofauti, na hapa ndipo ninapoona ustadi mkubwa zaidi. Kumi na 365 zina ushirika wa 5. Tuseme watu wangeendelea kuhesabu miongo moja kwa moja bila kusimama, kama wanavyohesabu majuma. Mwongo wa 37 ungeanza siku tano kabla ya Nairuzi na kumalizikia siku ya tano ya mwaka mpya. Mwaka huo wote miongo ingeanza katikati ya mahali pake pa zamani. Na mwaka unaofuata ingerudi ilipokuwa. Baada ya siku 730, ambazo ndizo kigawe kidogo cha shirika cha 10 na 365, kila kitu kingekuwa kilipoanzia. Yaani badala ya kupita katika nafasi kumi, miongo ingeyumba kati ya nafasi mbili tu, mwaka huu hapa, mwaka ujao pale. Hilo si jina la mwaka wala si hesabu ya msimu; ni usumbufu mtupu. Siku za gatha ziliuondoa. Zilikusanya baki yote mahali pamoja, mwishoni, na kuuacha mwongo wa kwanza uanze na Nairuzi kila mwaka. Kwa hiyo mzunguko wa majuma uliachwa uende wenyewe kwa kuwa mwendo wake ulikuwa na faida, na mzunguko wa miongo ukafungwa kwa kuwa mwendo wake haukuwa na faida.

Yupo anayeweza kudhani kuwa jambo hili ni la kawaida mno na lingetokea popote. Mexico ya kale inaonyesha kwamba namba hizo hizo zingeweza kuleta mpango mwingine kabisa. Wamaya, na baada yao Waazteki, walikuwa na mwaka wa siku 365 uliopangwa katika mafungu 18 ya siku 20, na siku 5 za mwishoni ambazo waliziogopa. Mafungu yao yalifungwa kama miongo ya pwani. Lakini walikuwa pia na orodha ya majina 20 ya siku iliyozunguka bila kusimama, na 20 na 365 zina kigawo cha shirika 5. Kwa sababu hiyo siku ya mwaka mpya iliweza kuangukia majina manne tu kati ya 20. Yale 16 mengine hayakupata zamu hata mara moja. Sambamba na majina hayo walihesabu siku kwa namba kuanzia 1 hadi 13, na 365 ikigawanywa kwa 13 huacha baki 1, kwa hiyo namba ya mwaka ilipanda moja moja kama jina la mwaka wa pwani. Nne na 13 hazishirikiani, hivyo miaka yenye majina tofauti ikawa 52, na mwisho wa miaka hiyo ulikuwa tukio kubwa la ibada. Hakuna aliyepeleka habari kutoka Lamu hadi Mexico. Namba zilizalisha matokeo yake huku na kule, kila jamii ikafanya nayo kadiri ya haja zake.

Sasa tuziweke 7 na 10 pamoja. Kumi ikigawanywa kwa 7 huacha 3, basi kila mwongo huanza siku tatu mbele ya mwenzake katika juma. Katika mwaka Jumamosi, mwongo wa kwanza huanza Jumamosi, wa pili Jumanne, wa tatu Ijumaa, wa nne Jumatatu, wa tano Alhamisi, wa sita Jumapili, wa saba Jumatano, na wa nane Jumamosi tena, siku 70 zikiwa zimetimia. Mwongo wa 36 nao huanza Jumamosi. Gatha huanza Jumanne na kuisha Jumamosi, na Jumapili ni Nairuzi. Aliyejua jina la mwaka na mwongo aliomo aliweza kujua siku ya juma. Na aliyejua siku ya juma, ambayo kila Mwislamu aliijua kwa ajili ya sala ya Ijumaa, aliweza kukagua kama hesabu yake ya miongo imeteleza. Hapa ndipo penye nguvu ya hesabu hii. Kuhesabu siku 365 kwa kichwa, au kwa mafundo ya kamba, ni kazi inayoalika makosa. Lakini mtu aliyekosea siku moja angejikuta Nairuzi yake imeangukia siku isiyo yake: mwaka Jumanne ungekuwa umefuatwa na mwaka Alhamisi. Kosa lingejificha tu kama lingekuwa la siku saba kamili, au kumi na nne, na ni vigumu mji mzima upoteze juma zima bila mtu kuuliza. Kweli, kosa la siku moja na kosa la mwaka mmoja hufanana kwa jina la siku peke yake. Lakini hakuna mji unaosahau kwamba uliukoga mwaka mara moja au mara mbili.

Je, kuna ushahidi kwamba ulinzi huu ulifanya kazi, au ni hesabu nzuri ya mezani tu? Upo, nao unatoka Uajemi na Uhindi. Nairuzi ni mwaka mpya wa Waajemi, na gatha ni jina lililobebwa na siku tano za mwisho wa mwaka wa Wazoroasta, zilizoitwa kwa tenzi zao takatifu. Mwaka wao ulikuwa na miezi 12 ya siku 30 na siku hizo 5, ukihesabiwa tangu 16 Juni 632, mwanzo wa utawala wa Yazdegerd wa Tatu, mfalme wa mwisho wa Wasasani. Ni siku chache tu zilikuwa zimepita tangu Mtume Muhammad afariki Madina. Wazoroasta waliohamia Uhindi, wanaojulikana kama Waparsi, waliongeza mwezi mmoja wa siku 30 katika karne ya 12, ili kuurudisha mwaka karibu na jua. Wale waliobaki Uajemi hawakuongeza. Mwaka 1720 mwanachuoni kutoka Kerman alifika Surat na kugundua kwamba ndugu hao wawili wamepishana kwa mwezi mzima. Ugomvi ukaendelea mpaka mwaka 1745, ambapo baadhi ya Waparsi waliamua kuifuata hesabu ya Uajemi na wakaitwa Kadmi, watu wa hesabu kongwe. Leo mwaka mpya wa Kadmi huangukia katikati ya Julai, na ule wa Waparsi wengi katikati ya Agosti. Nairuzi ya Makunduchi ni ya Julai. Yaani imekaa karibu kabisa na hesabu kongwe ya Uajemi, ile isiyoongezwa chochote, ingawa hakukuwa na barua, kasisi wala mfalme wa kuziunganisha hesabu hizo mbili. Kama pwani ingekuwa ikipoteza siku moja tu katika kila miaka kumi, tofauti ingekwisha kuwa ya miezi.

Pengine msomaji atasema Nairuzi ililetwa na Waparsi wenyewe, ambao walikuwa na jamii yao mjini Zanzibar. Tarehe zinakataa. Waparsi walikuja Zanzibar katika karne ya 19, na wengi wao walifuata ile hesabu iliyoongezwa mwezi. Karibu na mwaka 1870 mwaka mpya wao ulikuwa Septemba, wakati siku ya mwaka ya Waswahili ilikuwa Agosti. Wengine huichukua Nairuzi kuwa hati ya ukoo, ushahidi kwamba waasisi wa miji ya pwani walitoka Shiraz. Nadhani wanaitwisha mzigo usiouweza. Hesabu ya Nairuzi haikuwa mali ya Waajemi peke yao. Ilikuwa lugha ya kazi ya mabaharia wa Bahari ya Hindi yote, Waarabu kwa Waajemi. Ahmad ibn Majid, Mwarabu wa Julfar katika Ghuba, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha ubaharia karibu na mwaka 1490 na kutunga pia shairi juu ya njia ya Sofala, alitaja nyakati za kusafiri kwa siku za Nairuzi. Watu huchukua kalenda kwa wale wanaofanya nao biashara, kama wanavyochukua vipimo na majina ya matanga.

Kuna pingamizi la pili, na hili linanipa kazi zaidi. Linasema: hakuna aliyechagua namba hizi. Siku 365 zimetoka kwa jua, 7 zimetoka katika dini, 10 zimetoka kwenye vidole. Ikatokea kwamba 7 haishirikiani na hizo mbili nyingine, basi ni bahati, na kuiita ustadi ni kuwapamba wazee kwa nguo ambazo hawakuzivaa. Sehemu ya pingamizi hili ni ya kweli. Saba haikuchaguliwa kwa sababu ya 365, na kwa kuwa 7 ni namba tasa, haishirikiani na namba yoyote isipokuwa vigawe vyake mwenyewe; uwezekano wa kukwama haukuwa mkubwa. Lakini jua halikutoa 365. Jua linatoa 365 na karibu robo, na kuitupa robo hiyo lilikuwa jambo la kuamua. Waroma waliihifadhi kwa kuongeza siku moja kila mwaka wa nne, Wamisri wa Aleksandria vilevile, na Waethiopia wanafanya hivyo hadi leo. Mwaka wenye siku ya nyongeza huruka siku mbili za juma badala ya moja. Nne na 7 hazishirikiani, hivyo mpangilio hurudi baada ya miaka 28, si 7. Na Kanisa la Ethiopia, likiuzidisha mzunguko huo kwa ule wa mwezi wa miaka 19, hupata mzunguko wa miaka 532 kwa ajili ya Pasaka. Ni hesabu nzuri, ila inahitaji wataalamu, jedwali, na mamlaka ya kutangaza ni mwaka gani unaongezwa siku. Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa hazikuwa na mamlaka moja ya namna hiyo. Mwaka wa siku 365 kavu hauhitaji tangazo. Kila mji unaweza kuuhesabu peke yake na wote wakafika siku moja. Kuhusu 10 pia kulikuwa na uchaguzi, maana Waajemi wenyewe walihesabu kwa miezi ya siku 30, na mabaharia na Waswahili ndio waliouacha mwezi wakashika hesabu ya siku tupu.

Wala sidai kwamba wazee hao walikuwa na nadharia ya namba. Euclid alithibitisha, wao walitumia. Tofauti hiyo ni kubwa na haifai kufichwa. Mtu anayejua kwamba miaka hufuatana kama siku za juma hajasema bado kwa nini hufuatana hivyo, wala hajasema yangetokea nini kwa mwaka wa siku 364. Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba penye matumizi bila uthibitisho hapana maarifa. Gatha ni jibu kwa tatizo la ushirika wa 10 na 365, hata kama tatizo halikuandikwa. Aliyezirithi siku hizo akazihifadhi mahali pake, asizifute wala asizichanganye na mwongo, alielewa zinafanya kazi gani.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote: kalenda hii ina kosa. Robo iliyotupwa inarudi kudai haki yake. Kila miaka minne Nairuzi hurudi nyuma siku moja dhidi ya jua, na baada ya miaka 40 imerudi mwongo mzima. Wakati wa Ibn Majid ilikuwa katikati ya Novemba, na siku ya 100 baada yake ilikuwa Februari, kaskazi ikiwa imeshika. Karibu na mwaka 1870 Nairuzi ilikuwa Agosti na siku ya 100 iliangukia mwishoni mwa Novemba, kaskazi ikiwa ndiyo kwanza inaingia. Leo Nairuzi ni ya Julai, siku ya 100 ni ya mwishoni mwa Oktoba, na anayeingoja kaskazi siku hiyo atangoja zaidi ya mwezi. Hesabu za msimu za babu hazimfai mjukuu wa mjukuu. Hilo sikatai, lakini tuangalie ukubwa wa kosa kwa macho ya aliyeitumia. Upepo wenyewe hauji kwa tarehe; hutangulia au huchelewa kwa siku nyingi mwaka hadi mwaka. Nahodha aliyefanya kazi miaka 30 aliona Nairuzi ikirudi siku saba au nane, chini ya mwongo mmoja, na mwongo ndio uliokuwa kipimo chake cha kusafiria. Kosa lilikuwa dogo kuliko kipimo. Kila kizazi kilisogeza namba zake kidogo, na hesabu yenyewe ikabaki bila kuguswa. Katika Ghuba kulikuwa na njia nyingine: hesabu ya durur nayo ina makumi 36 na siku 5 za ziada, lakini huanza Suheli inapoonekana alfajiri mwezi wa Agosti, na kwa hiyo nyota huirudisha kila mara mahali pake. Ni njia sahihi zaidi kwa misimu. Bei yake ni kwamba mwanzo wa mwaka hungoja kuonwa angani, na jina la mwaka kwa siku ya juma haliwezi tena kupanda moja moja kila mwaka.

Tunaoishi kwa kalenda ya Gregory tumezoea kuiona kuwa ndiyo iliyokamilika, nayo kwa jua imekaribia kukamilika. Kwa juma haijakamilika hata kidogo. Mzunguko wake wote ni miaka 400, wenye siku 146,097, na namba hiyo ni 7 mara 20,871. Hapa kigawo cha shirika kimeingia bila kualikwa. Kwa kuwa mzunguko mzima unagawanyika kwa 7, unaanza upya siku ileile ya juma milele, na siku hazipati zamu sawa: katika kila miaka 400, Januari mosi huangukia Jumapili mara 58 na Jumamosi mara 56 tu, na hakuna karne itakayokuja kusawazisha. Mwaka wa Nairuzi huzipa siku zote saba zamu sawa katika kila miaka saba. Sisemi kwamba hiyo ni sababu ya kuirudisha kazini. Iliondolewa kazini na meli za mvuke, ambazo hazikungoja kaskazi, na mishahara ya mwezi, na ofisi, na shule, na hakuna kati ya hivyo kitakachotengua mwendo wake.

Kilichobaki Makunduchi ni sherehe, na ndani ya sherehe ni hesabu. Walimu wa hisabati wa Unguja na Pemba, na wa pwani yote, wana mfano uliokwisha kujaribiwa kwa karne nyingi: mwanafunzi anayetafuta kigawo kikubwa cha shirika cha 10 na 365 apewe gatha, na anayeuliza faida ya namba zisizoshirikiana apewe majina ya miaka. Wakitaka swali gumu zaidi, wamuulize Nairuzi itarudi lini ilipoanzia. Miaka minne yenye siku moja ya nyongeza ni siku 1,461, na 1,461 ikigawanywa kwa 365 huacha baki 1, hazishirikiani. Kwa hiyo ni lazima ipite miaka 1,461 ya siku 365 ndipo mwaka huo uuzunguke wote ule wa Waroma wa kale. Ukihesabu tangu 16 Juni 632, mzunguko huo utatimia mwaka 2092, na kwa kalenda tunayoitumia sasa Nairuzi ya mwaka huo itakuwa mwisho wa Juni.